Mwanamke mkimbizi au mhamiaji akifika Dodoma: namna ya kumfikisha kwenye msaada

Dodoma haina kambi ya wakimbizi. Kambi ambazo kwa miaka mingi zimewapokea Wakongo na Warundi, kama Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo, ziko mkoani Kigoma, na ndiyo maana wengi wetu huku katikati ya nchi tunaamini kwamba habari za wanawake wakimbizi ni za watu wa magharibi. Lakini mji wetu uko njiani. Reli ya Kati kutoka Kigoma inapita hapa, mabasi ya Kasulu na Kibondo yaendayo Dar es Salaam yanapita hapa, na barabara kuu itokayo Arusha kupitia Babati na Kondoa kuelekea Iringa na Mbeya ni njia wanayoitumia pia wasafirishaji haramu wanaowapeleka kusini mwa bara watu wa Pembe ya Afrika. Mwezi Juni 2012 wahamiaji zaidi ya 40 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori mkoani Dodoma. Aliyedhani kwamba jambo hili halituhusu alipaswa kuacha kudhani hivyo tangu siku ile.

Mwongozo huu unawalenga watu ambao mwanamke wa namna hiyo hukutana nao kabla ya kumwona wakili au ofisa yeyote: kiongozi wa kikundi cha kina mama, mjumbe wa shina, mwenye nyumba, mama lishe wa stendi ya Nanenane, muuguzi wa zahanati, mama mchungaji, mwalimu wa madrasa. Mashirika ya kumsaidia yapo, na ofisi kadhaa za serikali zinazohusika zina makao yake makuu hapa hapa Dodoma. Tatizo kubwa ninaloliona ni mpangilio, kwa maana kwamba mwanamke hupelekwa mlango wa tatu kabla ya mlango wa kwanza, akaulizwa asichoweza kujibu, akaogopa, akatoweka, na anayempata baada ya hapo mara nyingi ni mtu mbaya kuliko sisi.

Mazungumzo ya kwanza

Usianze na swali la vibali. Ukianza na "una karatasi?", mwanamke aliyekwisha kusimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani atakuona kuwa wewe ni kizuizi kingine, na atakupa jibu alilofundishwa na aliyemsafirisha. Mtafutie mahali pa kukaa pasipo barazani wala dirishani kwa jirani, mpe maji, na kama ana mtoto, mtoto apate chakula kwanza. Kisha mwambie maneno machache ambayo unaweza kuyatimiza: "Pole na safari, dada. Sitampigia mtu simu kabla hatujakubaliana mimi na wewe." Usimwahidi kwamba atapata hifadhi, nyumba au kazi, kwa kuwa hayo hayako mikononi mwako, na ahadi ya kwanza ikivunjika hata ushauri wako mzuri hatausikiliza tena.

Katika mazungumzo hayo unatafuta mambo matatu tu. La kwanza ni kama ameumizwa, anaumwa, ni mjamzito, au yuko hatarini leo hii. La pili ni kama ana watoto, na wako wapi, kwa sababu wapo akina mama wanaoacha mtoto kwa jirani wa jana ili waje kutafuta msaada. La tatu ni kama kuna mtu anayemsubiri, anayemtafuta, au anayeshikilia simu yake, pasipoti yake au mshahara wake. Jambo hili la tatu watu hulisahau, nalo ndilo linalotofautisha msafiri aliyekwama na mwanamke aliyeuzwa.

Suala la lugha linahitaji uangalifu kuliko tunavyodhani. Mkongo wa Kivu atakuelewa kwa Kiswahili, ingawa atahitaji uzungumze polepole. Mrundi asiyejua Kiswahili anaweza kuelewana na mtu wa Kigoma anayezungumza Kiha, kwa kuwa lugha hizo mbili zinakaribiana sana, na katika kata yoyote ya Dodoma humkosi Muha. Ugumu uko kwa wanawake wa Ethiopia na Somalia. Kwa hali yoyote ile mkalimani asiwe mume wake, asiwe mtoto wake, na asiwe mwanamume aliyefika naye na kujitambulisha kuwa ni kaka. Ni afadhali mazungumzo yasubiri saa chache apatikane mwanamke mtu mzima anayetunza siri, kuliko kumlazimisha aeleze alivyoingiliwa kwa nguvu huku anayetafsiri ni mwanawe wa miaka kumi na miwili.

Afya na usalama hutangulia karatasi

Kama amebakwa, kinachohesabika ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Dawa za kuzuia mimba nazo zina muda wake. Kwa hiyo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, asioge kwanza kama anaweza kuvumilia, na nguo alizokuwa amevaa ziwekwe bila kufuliwa kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe ndani ya khanga safi, zisiwekwe kwenye mfuko wa plastiki ambamo zitaota ukungu. Fomu namba tatu ya polisi, ambayo wote tunaijua kwa jina la PF3, inahitajika kwa ajili ya ushahidi wa kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Mhudumu akisema vinginevyo, omba kwa heshima kuonana na daktari wa zamu au afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Huyo afisa ustawi ni mtu muhimu kwa sababu nyingine pia, kwa kuwa ndiye anayeshughulikia maombi ya msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo.

Baadhi ya hospitali za serikali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, polisi, ustawi wa jamii na mshauri nasaha hupatikana mahali pamoja, na manusura hana haja ya kusimulia jambo lile lile katika vyumba vinne. Ukifika mapokezi ulizia kituo hicho kwa jina hilo. Polisi nao wana Dawati la Jinsia na Watoto, ambako unaweza kuomba askari wa kike. Likiwa ni suala la mtoto, namba 116 hupigwa bure, na hatari ya papo kwa papo huripotiwa polisi kwa namba 112.

Huenda mtu akauliza kama ni salama kumpeleka polisi mwanamke asiye na kibali. Hofu hiyo ina msingi, na jibu langu ni kwamba asipelekwe peke yake. Aende na msaidizi wa kisheria au afisa ustawi wa jamii, na malalamiko ya kwanza yanayoandikwa kituoni yawe ni ya kosa alilotendewa. Aliyebakwa au kupigwa ni mlalamikaji mbele ya sheria, hata kama masuala yake ya uhamiaji bado hayajakamilika.

Kuelewa yeye ni nani mbele ya sheria

Hapa sasa ndipo karatasi zinapoingia. Wanawake wengi waliopitia kambini hubeba nyaraka zao kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo na kuwekwa kifuani au mgongoni chini ya mtoto. Akiufungua mbele yako, usinyooshe mkono kuchukua. Mwache azitandaze mwenyewe, zisome zikiwa mezani, na zirudi kwenye mfuko kwa mikono yake. Utaona karatasi ya usajili yenye majina ya familia nzima, kadi ya mgao wa chakula, kadi ya kliniki, pengine cheti cha ubatizo au talaka kutoka alikotoka. Kadi ya kliniki usiidharau, maana tarehe zake zinaonyesha mtoto alizaliwa wapi na lini kuliko maelezo marefu. Kwa ruhusa yake piga picha za nyaraka zote, mtumie kwenye simu yake au ya mtu anayemwamini, kisha zifute kwenye simu yako. Nyaraka halisi asimwachie mtu yeyote, awe wewe, mwajiri au mwenye nyumba, isipokuwa ofisi inayompa stakabadhi.

Katika kusoma huko utagundua kwamba neno "mkimbizi" tunalitumia kwa wanawake ambao sheria inawatazama kwa namna tofauti kabisa, na kila mmoja ana mlango wake.

Aliyesajiliwa kambini anatawaliwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inayomtaka aishi katika eneo lililotengwa na kutoka kwa kibali. Soma tarehe ya mwisho ya kibali na mahali alikoruhusiwa kwenda. Kama amekuja Dodoma kwa matibabu na siku zinakaribia kwisha ilhali hajapata tiba, barua ya daktari iombwe kabla tarehe haijapita, kwa sababu kuomba nyongeza ukiwa ndani ya muda ni rahisi kuliko kujieleza ukiwa nje ya muda. Kama alitoroka kambini kwa sababu mume au jirani alimtishia maisha, jambo hilo lisemwe wazi kwa wakili na kwa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, maana zipo taratibu za kumhamishia sehemu nyingine yenye usalama zaidi, na kumrudisha pale pale bila kusema ni kumrudisha kwa anayemtishia.

Aliyevuka mpaka hivi karibuni na hajajisajili popote anaomba hifadhi. Sheria hiyo hiyo inamtaka ajitambulishe ndani ya siku 7 tangu kuingia nchini, kwa ofisa aliyeidhinishwa, afisa mtendaji wa kijiji au mlinzi wa amani, ambaye kwa kawaida ni hakimu wa mahakama ya mwanzo. Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unazikataza nchi kumwadhibu kwa kuingia bila kibali mtu aliyetoka moja kwa moja mahali penye hatari, mradi ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu. Kwa hiyo ushauri wa "kaa kimya, tulia kwanza" ambao majirani wema humpa mgeni ni ushauri unaomdhuru. Siku 7 zikiwa zimepita bado ajitokeze, ila kwanza azungumze na mwanasheria ili sababu za kuchelewa, kama ugonjwa au kufungiwa ndani, ziandikwe vizuri.

Wapo pia wanawake ambao si wakimbizi tena, ingawa mitaani wanaitwa hivyo. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, pamoja na watoto wao, wengi wao walipewa uraia wa tajnisi, yaani uraia wa kuomba, na idadi ya waliopewa ilizidi 160,000. Mama wa Ulyankulu aliyepewa uraia huo, akahamia Nkuhungu au Chang'ombe hapa Dodoma kufanya biashara, ni Mtanzania. Akinyimwa chumba au akisumbuliwa kwa lafudhi yake, msaada anaouhitaji ni wa raia aliyenyimwa haki, na kumpeleka kwenye ofisi za wakimbizi ni kumdhalilisha mara ya pili.

Mke wa kigeni wa Mtanzania ana shida yake ya pekee, kwamba kibali chake cha kuishi nchini mara nyingi kinamtegemea mume, na mume mkorofi anajua hivyo. Huficha pasipoti, kisha humtishia kumwitia Uhamiaji. Mwanamke huyu ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumwadhibu, na haiulizi pasipoti ya aliyepigwa. Ajue pia kwamba sheria ya uraia inamruhusu mwanamke aliyeolewa na raia kuomba uraia wa tajnisi. Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto ndiyo nguzo yake, na nakala zake zihifadhiwe nje ya nyumba hiyo.

Wa mwisho ni aliyeletwa kwa ahadi ya kazi, akajikuta anafanya kazi za ndani bila mshahara au anafanyishwa ukahaba. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamtambua kama manusura anayestahili ulinzi, na sekretarieti inayoshughulikia masuala hayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Usiende kumdai bosi wake mshahara wewe mwenyewe, wala usimpigie. Ukifanya hivyo atahamishwa usiku huo, na wenzake waliomo ndani ya nyumba hiyo hutawaona tena.

Milango ya kubisha

Kwa ushauri wa kisheria, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kina ofisi Dodoma, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, nacho kina ofisi hapa. Dignity Kwanza ya Dar es Salaam, iliyojulikana zamani kama Asylum Access Tanzania, ina uzoefu wa wakimbizi wanaoishi mijini, uzoefu ambao ni mashirika machache nchini yanayo. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, kimefanya kazi na wanawake wa kambini Kigoma. Kwenye ngazi ya kata wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada chini ya sheria hiyo hutolewa bure. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayewafahamu kwa majina.

Upande wa serikali, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iko ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ambayo makao yake makuu yako Dodoma. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo nayo ina makao makuu hapa, hupokea malalamiko dhidi ya watumishi na taasisi za umma; huko ndiko kwa kupeleka habari ya ofisi iliyomdai rushwa au kumweka mtu mahabusu bila sababu. Kesi ya matunzo ya mtoto au talaka ikifika mahakamani, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki Dodoma kinakusanya mahakama za ngazi mbalimbali katika jengo moja, jambo linalompunguzia mama nauli.

Unapopiga simu kwenye shirika lolote, usianze kwa kutaja jina lake. Eleza hali kwa sentensi nne au tano: umri wake kwa makadirio, nchi atokayo, watoto, hatari iliyopo, nyaraka alizonazo. Kisha uliza kama wanapokea suala la namna hiyo, kama huduma ni bure, nani mwingine atazisoma taarifa zake, na kama kuna mtu wao atakayemsindikiza kwenye ofisi nyingine. Swali la kusindikizwa nalipa uzito mkubwa. Shirika linalompa mama kikaratasi chenye namba za simu na kumwambia aende limefanya kazi ndogo sana, kwa kuwa mwanamke asiyeijua Dodoma, asiye na salio wala nauli ya daladala ya kwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali, hafiki. Kama shirika halina mtu, kikundi chenu kimpe mtu. Kuketi naye kwenye benchi la kusubiria ni kazi isiyohitaji shahada yoyote, na nimeona mara nyingi kwamba anayesindikizwa husikilizwa.

Shirika usilolifahamu liulizie kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, aliye chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Na mtu yeyote anayedai fedha ili "kuingiza jina" kwenye orodha ya kwenda Marekani, Kanada au Australia ni tapeli, hata akivaa fulana yenye nembo ya bluu. Huduma za UNHCR, pamoja na kuhamishiwa nchi ya tatu, haziuzwi. Wanawake wengi wameuza vitenge na hata mgao wa chakula kuwalipa watu hawa, na inaniuma kwamba matapeli wengine ni wakimbizi wenzao wanaojua vizuri pa kuwagusa.

Kumhifadhi nyumbani

Wema wa kumlaza mgeni una mipaka ya kisheria. Kumficha mtu aliyeingia nchini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya uhamiaji, na kikundi kinachokamatwa kwa kosa hilo hakitamsaidia mwingine. Usiku wa dharura usipite bila maandishi: mjulishe afisa ustawi wa jamii au mwanasheria usiku huo huo au asubuhi, hata kwa ujumbe wa simu, ukieleza kwamba yupo na kwamba hatua za kumfikisha kwenye mamlaka zimeanza. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe pia, lakini aambiwe kinachomhusu tu. Hana haja ya kujua aliyotendewa huko alikotoka.

Siku zinazofuata

Mwanamke anayeishi nchini kihalali anaweza kushirikishwa kwenye shughuli za kikundi, na kwa wengi kupata rafiki wa kwenda naye soko la Majengo au Sabasaba ni tiba kubwa. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya wanawake, ni kwa ajili ya raia. Msimweke kwenye orodha ya wanakikundi wanaoomba mkopo huo, kwa kuwa maombi yote yataharibika na lawama zitamwangukia yeye. Msaidieni badala yake kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kuanzia tangazo la kizazi alilopewa hospitali. Cheti hicho hakimfanyi mtoto kuwa raia, lakini bila hicho kila ofisi atakayoingia huko mbele itamuuliza yeye ni nani.

Kumbukumbu za kikundi zisiwe na jina lake, kijiji chake wala picha yake. Andikeni tarehe, aina ya msaada, ofisi mliyokwenda, jina la ofisa aliyewapokea na tarehe ya kurudi, kisha daftari lifungiwe kabatini kwa mtu mmoja. Tarehe ya kurudi iandikwe pia kwenye karatasi atakayobaki nayo yeye, na siku moja kabla yake mtu mmoja wa kikundi ampitie nyumbani wapange nauli.